Usukani Wenye Kirungu

4 Machi
Daktari wa mazoezi alinipa daftari hili niandike kila siku mkono wa kushoto wa mume wangu umefanya nini. Wiki nzima nimeandika: "Leo haukufanya kitu." Nimeona wino unakwenda bure. Kuanzia leo nitaandika na mengine, na mkono ukifanya kitu nitautaja.

Leo haukufanya kitu. Mawingu yamejaa tangu asubuhi, mvua bado.

7 Machi
Mvua imeanza. Banda linavuja upande mmoja, bahati nzuri si upande wa gari.

Mzee ameendesha malori tangu kabla hatujaoana. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha bafuni. Mdomo umerudi, mguu umerudi, mkono wa kushoto umekataa. Tangu hapo anakaa barazani karibu na cherehani yangu, akiwakosoa madereva wanaopita. "Huyu hajui gia." "Huyu breki zake ni sala tu." Wateja wangu walikuwa wanakuja kupima nguo na kusikiliza. Sasa nimegundua jambo: hakosoi tena. Magari yanapita, na yeye anatazama mikono yake. Hilo linanitisha kuliko kiharusi chenyewe.

Gari letu dogo limelala bandani tangu siku ile. Binti yetu kapiga simu kutoka kwake: "Mama, liuzeni kabla halijaoza." Mwenye duka la dawa pale kona analitaka. Mzee kamjibu bila hata kugeuza shingo: "Mvua zikiisha, njoo ulichukue."

Nimeshona shati la mteja mifuko miwili upande mmoja. Imebidi nifumue.

9 Machi
Shemeji yangu, mdogo wake Mzee, ni fundi wa majokofu. Tunamwita Redio, kwa sababu ukishamwasha humzimi. Leo ameingia na mvua yake mgongoni na mfuko mweusi mkononi, na ndani ya mfuko usukani.

Si usukani kama wetu, ambao ni mkubwa kama sinia na umepasuka ngozi. Huu ni mdogo, umevalishwa ngozi nyeusi, na ukingoni una kirungu kama kishikio cha mfuniko wa sufuria. Unakamata kirungu kwa mkono mmoja, unazungusha gari zima. Ameupata kwa muuza vipuri, umetoka kwenye gari la mtu aliyekuwa na mkono mmoja.

"Gari lenu otomatiki, Shemeji. Usukani wenyewe mwepesi. Kaka anataka nini tena?"

Nilihisi moyo unaruka. Mzee akaugeuzageuza usukani magotini kwake. "Huu wa vijana wa mbio," akasema.

"Kaka, jaribu tu."

"Fanyeni mnavyotaka."

Nimelichukua kama ndiyo. Usiku nimelala kama mtoto.

12 Machi
Mvua. Umeme umekatika, pasi baridi. Mkono haukufanya kitu.

15 Machi
Daktari wa mazoezi amekuja na viatu vimejaa tope hadi nikamwonea huruma. Nimemwonyesha usukani. Ameupenda. Amempima Mzee macho, shingo, mguu wa kulia, akamwambia anyooshe mkono mzima pande zote. Amesema inawezekana, ila aanze pale pale mtaani, polepole, na mtu mwingine aliyezoea gari awe karibu. Baadaye apelekwe kwa wakaguzi.

Akamwuliza, "Mzee wangu, wewe unataka kuendesha?"

"Anataka sana!" nikajibu. "Huyu bila usukani si huyu."

Daktari akamtazama Mzee. Mzee alikuwa anatazama mvua. Nikamletea daktari chai.

20 Machi
Redio amekuja kufunga usukani, akasahau spana. Akakaa akiongea hadi jioni, akaondoka.

23 Machi, Jumamosi
Leo tumefunga usukani.

Niandike vizuri, maana nataka nikumbuke siku hii. Banda letu jembamba, na pipa la maji limechukua kona, kwa hiyo gari limeegeshwa limekunja matairi kukwepa pipa. Hakuna aliyetaka kulisukuma nje, mvua ilikuwa inamwagika kama imetumwa. Redio akasema kazi ya usukani ni ya ndani, nje kunatuhusu nini? Akachomoa waya wa betri, akabandua kifuniko cha honi, akafungua nati kubwa ya katikati. Kisha akaukamata usukani wa zamani kwa mikono miwili, akavuta.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Akasema, "Rudisha nati kidogo kwanza, iuzuie."

"Kaka, mimi navuta mashine za majokofu kila siku," Redio akasema, na usukani ukachomoka ghafla ukamgonga mdomoni.

Akanyamaza. Tangu niolewe katika nyumba hii sijawahi kumwona amenyamaza vile. Mzee akacheka. Nasema alicheka, kwa sauti, bega la kulia likitikisika. Ningeweza kumbusu Redio kwenye huo mdomo wake uliovimba.

Kisha akavalisha ule mpya. Kuna kikombe cha chuma kinachounganisha usukani na mhimili, na mhimili una meno, kwa hiyo unaweza kuuvalisha usukani ukitazama popote. Hapo tukamketisha Mzee kwenye kiti ili tujue kirungu kikae wapi. Redio akavalisha. "Hapa?" Mzee akajaribu. "Juu mno." Akachomoa, akavalisha. "Chini mno." Mimi nikasema kirungu kisogee usawa wa kiwiko, nilikuwa na futi yangu ya kushonea shingoni, nikapima kutoka bega mpaka kiganja kama napima shati. Jirani mwenye kuku naye akaja na mwavuli akachangia. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Tulibishana mpaka kirungu kikaangukia kiganjani mwa Mzee bila yeye kunyoosha wala kukunja.

"Hapo," akasema.

Redio akakaza nati. Usukani umekaa sawasawa mbele yake, kirungu mkononi. Machozi yamenitoka, sikuyaficha.

27 Machi
Anaingia bandani kila asubuhi, anakaa kwenye gari lililozimwa, mkono kwenye kirungu. Nikimwita chai haji, nampelekea huko. Namwona anajiandaa kama mtu wa mtihani. Nafurahi.

31 Machi
Mvua haijatupa nafasi. Mtaa tope tupu.

2 Aprili
Binti kapiga simu, nimemweleza habari za usukani. "Mama, mna wazimu nyinyi?" Nimekata simu kwa heshima zote.

6 Aprili, Jumamosi
Nimechana karatasi mbili kabla ya kuandika hii, na mkono wangu ndio mzima.

Asubuhi kulikuwa kweupe. Redio alikuja na shati safi. Mzee amenyoa mwenyewe, kidevuni kikatoka kijidonda. Redio akaketi pembeni yake, mimi nikafungua geti nikasimama nje barabarani kuzuia watoto na baiskeli. Gari likawaka mara ya kwanza tu.

Akatoka bandani polepole, Redio akimwelekeza, mara huku mara kule, akapita getini. Nilipiga makofi. Alipofika barabarani akakiweka kirungu pale pale tulipopima, usukani ukawa sawa mbele yake. Gari halikwenda mbele. Likavuta kushoto, likaendelea kuvuta, polepole kiasi kwamba ningeweza kulifuata kwa miguu na nikalifuata kweli, nikipiga kelele, mpaka likaingia kwenye ukuta wa jirani mwenye kuku. Taa moja ikapasuka. Matofali matatu manne yakaanguka. Kuku wakatawanyika mtaa mzima.

Hakuna aliyeumia. Niliandike hilo kubwa: hakuna aliyeumia.

Mzee alikaa ametazama mbele. Redio uso ulikuwa umebadilika rangi. "Ni mkono, Kaka," akasema. "Mkono mmoja hautoshi. Pole. Tumejaribu."

Jirani akasema hivyo hivyo. "Ni mkono, masikini." Mimi nilisema nini? Nilisema, "Si kosa lako, Baba Watoto, ni mkono." Tukaimba wote wimbo mmoja. Mzee akazima gari, akachomoa ufunguo, akanipa. Akarudi ndani kwa fimbo yake, na Redio akalirudisha gari bandani peke yake.

Kuna kitu kingine, na kwa kuwa hili daftari halisomwi na mtu, nakiandika. Wakati namwonea huruma, chini kabisa ya ile huruma, nilihisi nimetuliwa mzigo. Nikasema moyoni: basi, hataniacha tena akaenda barabarani. Mimi niliyeutaka ule usukani kuliko wote. Sijielewi.

8 Aprili
Haji barazani tena. Yuko chumbani.

9 Aprili
Chumbani.

13 Aprili
Mvua kubwa, ukuta wa jirani umeporomoka kidogo tena. Nimempelekea sketi ya bure, amesema ukuta ulikuwa mbovu tangu zamani. Mama mwema kuliko nilivyomdhania.

Redio hajaja. Mwanzoni nilifurahia utulivu.

17 Aprili
Daktari wa mazoezi amekuja, Mzee amegoma kunyoosha hata vidole. "Kwa kazi gani?" amemwuliza.

22 Aprili
Chumbani. Hali chakula vizuri. Nimeshonea barazani peke yangu, magari yanapita hayana mkosoaji. Nilijikuta nasema mwenyewe, "Huyu hajui gia." Kisha nikalia, mteja akiwa mbele yangu na sindano za kupimia kiunoni.

27 Aprili
Mwenye duka la dawa anataka kuja kulitazama gari. Mvua zimepungua. Nimekwenda kulisafisha ndani, lisituaibishe.

Mimi sijui kuendesha, lakini kuwasha najua, nimemtazama miaka yote. Nikaliwasha ili lipate joto, vioo vikauke. Kirungu kilikuwa kimeelekea chini, nikakizungusha mpaka kikakaa tulipopima siku ile, usukani sawasawa, nikapangusa vumbi. Nikashuka kufuta taa iliyopasuka. Nikayaona matairi.

Yalikuwa yamekunjwa. Usukani unasema mbele, matairi yanasema kushoto.

Nikarudi ndani. Nikazungusha, nikashuka, nikatazama, nikapanda tena, nikazungusha. Matairi yaliponyooka sawa, usukani ulikuwa umelala upande na kirungu kiko chini karibu na goti.

Mimi ni fundi cherehani. Najua ukishona mkono wa shati huku shati limejikunja mezani, mkono utakaa vizuri mezani na vibaya mwilini. Ndicho tulichofanya. Gari lilikuwa limekunja matairi kukwepa pipa, na sisi tukaufunga usukani mpya ukiwa umenyooka. Wote tulikuwa tunatazama mkono wake. Nilipima kwa futi, jamani! Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama chini.

Si mkono. Haukuwa mkono.

28 Aprili, Jumapili
Nimemfuata Redio karakanani kwake. Nimemkuta katikati ya majokofu yaliyofunguliwa milango, anaosha bomba. Aliponiona tu, akakaa.

"Umejua," akasema.

"Na wewe ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilipolirudisha bandani. Hatua mbili tu nikajua, usukani tumeufunga kombo."

"Ukanyamaza? Wewe?"

"Shemeji..."

"Unaongea hadi na majokofu! Hili ndilo la kunyamazia? Kaka yako yuko chumbani wiki tatu anauchukia mwili wake, na wewe unajua ni nati!"

Akapangusa mikono kwa kitambaa, muda mrefu, vidole vyote. "Nilipoona gari linakwenda ukutani, unajua nilifikiri nini? Nilisema, afadhali ukuta. Kesho lingekuwa lori. Shemeji, nimemzika baba, nimemzika mama. Amebaki yeye. Nikasema, acha aamini ni mkono. Atakasirika, atanuna, lakini atakuwepo."

Nilikwenda pale na maneno ya kumvua nguo. Yote yakaniishia. Ningemwambia nini, na mimi niliyetuliwa mzigo siku ile? Tofauti yetu ni kwamba yeye alijua na mimi sikujua. Huruma yake na yangu zilitoka chungu kimoja.

Akaniuliza, "Utamwambia?"

Nikachukua mwavuli wangu, nikatoka.

29 Aprili
Sijamwambia.

30 Aprili
Nikimwambia, ataendesha. Akiendesha, siku moja nitasimama getini jioni nikisubiri mlio wa gari usiokuja. Nisipomwambia, nitamwangalia akiisha chumbani, na kila nikimletea chai nitakuwa mwongo mwenye kikombe. Sijamwambia. Mwenye duka la dawa nimemwambia nina homa.

3 Mei
Nimemwambia.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu havijafungwa kamba. Nikapiga magoti nikamfunga, na nikiwa pale chini, bila kumtazama, nikasema yote: pipa, matairi, meno ya mhimili, futi yangu, karakana ya Redio. Nilisema haraka haraka nisije nikakosa ujasiri. Nikamaliza. "Haukuwa mkono, Baba Watoto. Ilikuwa sisi."

Akasema, "Najua."

Nikanyanyua uso.

"Nimeshika usukani maisha yangu yote, Mama Watoto. Sitajua gari lililofungwa kombo? Nilijua kabla sijafika getini."

"Sasa mbona hukusimama? Breki ilikuwepo!"

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati, moja moja.

"Niliogopa," akasema. "Tangu kiharusi naogopa. Nilikuwa nakaa mle bandani asubuhi, nyinyi mnadhani najiandaa. Nilikuwa natetemeka. Siku ile gari lilipoanza kuvuta nikauona ukuta, na hakuna mtu pale, kuku tu. Nikasema, heri huu. Nikauacha uje. Mkasema ni mkono, nikaona yameisha, hakuna atakayeniuliza tena."

Mficha uchi hazai, tunawaambia wengine kila siku. Humu ndani tulikuwa watu wazima watatu, kila mmoja ameficha wake, na wote tunaitana kwa upendo.

Nilikaa sakafuni. Hasira ilinipanda kwanza, nisidanganye. Matofali ya watu! Taa! Machozi yangu! Kisha nikakumbuka daktari alivyomwuliza, unataka kuendesha, na nani aliyejibu. Nimemlisha, nimemwogesha, nimempimia kirungu kwa futi. Kumwuliza sikumwuliza.

Basi nikamwuliza. "Unataka kuendesha?"

Nilijizuia kumjibia, na kwa mtu kama mimi ile ni kazi ya sulubu.

"Nataka," akasema. "Lakini naogopa."

"Na mimi naogopa."

"Basi tuko wawili," akasema, na akautazama mguu wake. "Kamba umekaza mno."

5 Mei, Jumapili
Redio amekuja na spana zote. Alisimama mlangoni, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, akaanza, "Kaka, mimi nilitaka..."

"Sukuma gari nje," Mzee akasema. "Nyoosha matairi. Nyoosha vizuri, inama utazame. Haya, sasa betri. Nati usiitoe yote."

Redio alifanya kila alichoambiwa, kimya. Alipofika kukaza nati ya mwisho, Mzee akamwekea mkono begani, ule wa kulia, na akauacha hapo mpaka spana ikamaliza kazi. Hawakusemezana kuhusu lile jambo, na nadhani hawatasemezana. Kisha Redio akafungua mdomo kutueleza habari za jokofu la mteja fulani lililokutwa na nyoka, hadithi ikaenda hadi machweo.

12 Mei
Uwanja wa shule, Jumapili, hakuna mtu. Mizunguko, Redio pembeni. Alitoka jasho shati zima.

15 Mei
Tena. Jana jioni walikwenda. Nimemwuliza, "Vipi?" Amesema, "Vibaya." Leo asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

19 Mei
Uwanjani. Ameliegesha kinyumenyume kati ya mawe mawili. Redio alishangilia mpaka mlinzi wa shule akatoka.

24 Mei
Wakaguzi wamelipitisha gari, na yeye wamempitisha kuendesha mchana tu. Mwenye duka la dawa nimemwambia mwenyewe kwamba gari haliuzwi. Amesikitika kistaarabu.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekunjika leo. Kidogo sana. Nimeahidi kuandika, nimeandika.

26 Mei, Jumapili
Leo Redio hakuja kwa makusudi. Mzee akasimama kando ya gari, akaniambia, "Panda."

Nilipanda. Nilifunga mkanda, nikaukagua, nikaufunga tena. Tulikwenda barabara kubwa, polepole, nyuma yetu watu wanapiga honi na mmoja akatupita akitutukana kwa mkono wote. "Huyo hajui gia," Mzee akasema. Niligeuza uso dirishani ili asinione.

Baada ya daraja wingu likapasuka, mvua ikaja yote kwa mara moja. Kioo cha mbele kikawa maji matupu. Niliona vidole vyake vikikikaza kirungu. Kwenye gari letu fimbo ya wipa iko kushoto ya usukani, upande wangu, upande wa mkono usioweza. Angeachia kirungu aifikie mwenyewe, gari lingebaki bila mshikaji.

"Naogopa," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kuna shimo mbele.

"Unataka nini?" nikamwuliza.

"Wipa."

Nikanyoosha mkono wangu, nikaiwasha. Barabara ikaonekana. Akaongeza mwendo kidogo, na mimi nikaacha mkono wangu pale pale kwenye fimbo, kwa sababu mvua ilikuwa bado.